Chumba Chenye Mlango

Kikao changu cha kwanza cha tiba ya mazungumzo kilidumu dakika 11. Nilikuwa nimeketi jikoni kwetu Butembo, mlango wa mbao nimeuzuia kwa ndoo ya maji, simu nimeishika kwa mikono miwili kama mtu anayeota moto. Mwanasaikolojia alikuwa Kampala. Alikuwa ameshajitambulisha, ameniuliza ningependa kuitwa nani, na ndiyo kwanza anataka kujua usingizi wangu ukoje, mvua ikaanza. Anayelijua paa la mabati la huku kwetu milimani anajua yaliyofuata. Nilisikia neno moja, kisha ngoma tupu. Nikapaza sauti: "Silali! Tangu mwezi wa sita silali!" Mvua za Butembo hukatika kama zilivyoanza, na hiyo ilikatika nikiwa katikati ya sentensi. Upande wa pili wa ukuta, kina mama waliokuwa wakichambua maharagwe barazani walikuwa kimya. Hakuna hata punje iliyodondoka kwenye ungo.

Nikakata simu. Nikatoka, nikasema nilikuwa nikizungumza na mteja.

Wiki iliyofuata nilitafuta mahali pengine, nami nitapaeleza. Nimeanza na dakika hizo 11 kwa sababu tangu watu wajue kwamba kila Alhamisi nina mtu ninayezungumza naye kwa simu, swali ninaloulizwa ni moja, na huulizwa pembeni, kwa sauti ya chini, wakati wa kusindikizana: "Sasa humo ndani wanakufanya nini?" Humo ndani ni ndani ya simu. Wanauliza kama mtu anayeuliza habari za chumba cha upasuaji. Makala haya ni jibu langu kwao, na kwa yeyote ambaye ameshaandikiwa namba ya mtu kwenye kipande cha karatasi na bado hajaipiga.

Wengi wanaoniuliza wametoka mji wa Kirumba, kusini mwetu. Mji wa Kanyabayonga uliangukia mikononi mwa waasi wa M23 tarehe 28 Juni 2024, na kabla mwezi haujaisha wapiganaji wao walikuwa wameingia Kirumba. Watu walipanda barabara ya taifa namba 2 kuelekea kaskazini, kwa miguu, kwa pikipiki, wengine wakisukuma chukudu zilizobeba magodoro na sufuria. Wakapita Lubero, wakavuka mstari wa ikweta, wakafika Butembo. Nyumba ya vyumba vitatu ikapokea familia tatu, nne. Kwetu walikuja kumi na mmoja. Waliofika wakawakuta wenyeji wa Beni waliokimbilia hapa kabla yao, watu waliojifunza kulala na viatu tangu Oktoba 2014, mauaji ya waasi wa ADF yalipoanza kuwafikia majumbani na mashambani.

Ukikaa nao jioni utasikia maneno yale yale. "Niko na mawazo mingi." "Usingizi unanikimbia." "Moyo iko nzito." Mlango ukibamizwa na upepo, mwanamume mzima anainama. Mama anamwita mtoto aliye mbele yake mara tatu kwa sababu hana hakika kwamba yupo. Hawa si vichaa. Ni watu ambao miili yao bado inakimbia wakati miguu imeshafika, na hali hiyo ina matibabu.

Shida ni nani wa kuwatibu. Madaktari wa magonjwa ya akili katika Kongo nzima hawafiki hata mmoja kwa kila watu laki moja. Bukavu kuna kituo cha SOSAME. Goma kuna kituo cha Mabruda wa Upendo kinachoitwa Tulizo Letu, jina ambalo kila nikilisikia namshukuru aliyelichagua. Lakini kati ya Butembo na Goma umepita mstari wa vita, na msafiri aliye na lazima ya kwenda huzunguka kupitia Uganda. Hapa mjini na Beni wapo wanasaikolojia, na wapo wasaidizi wa kisaikolojia tunaowaita kwa herufi zao za Kifaransa, APS, watu wa kazi kubwa. Hawatoshi. Ndipo simu inapoingia.

Najua wanaosema tiba ya kwenye simu ni mambo ya Wazungu, kwamba mtu hawezi kuponywa na asiyemshika mkono. Ningependa warudi kidogo nyuma, hadi Beni ya mwaka 2018. Ebola ilitangazwa tarehe 1 Agosti mwaka huo, na hadi ilipotangazwa kwisha, tarehe 25 Juni 2020, ilikuwa imeambukiza watu 3,470 na kuua 2,287. Wakati ule mgonjwa alichukuliwa nyuma ya uzio, na familia ilibaki ikipunga mikono kwa mbali. Kisha shirika la ALIMA likaleta Beni vile vyumba vya plastiki angavu vilivyoitwa CUBE. Mgonjwa alilala ndani, na ndugu yake, au mwanasaikolojia, akasimama nje hatua moja tu bila mavazi yale ya kutisha, wakatazamana usoni, wakaongea. Hakuna aliyemshika mwenzake mkono. Nimeongea na watu waliopona wakiwa ndani ya vyumba vile, na wanachokikumbuka ni uso ule. Baadhi ya waliopona, kwa kuwa miili yao ilikuwa imeshapata kinga, waliajiriwa kubembeleza watoto ambao mama zao walikuwa wamelazwa. Sisi watu wa Beni na Butembo tulijifunza kabla ya wengi duniani kwamba mtu anaweza kumfikia mwenzake kupitia kioo. Simu ni kioo kingine.

Sasa nirudi kwenye swali.

Kabla ya yote, jua unaongea na nani. Daktari wa magonjwa ya akili ni daktari, anaweza kukuandikia dawa. Mwanasaikolojia hakuandikii dawa. Kazi yake ni mazungumzo yenye utaratibu. APS au mshauri amepewa mafunzo mafupi zaidi na anapaswa kuwa na mtu anayemsimamia. Wote watatu wanaweza kukufaa, ila una haki ya kuuliza: umesomea wapi, unasimamiwa na nani, umewahi kuwahudumia watu waliopitia vita? Anayejua kazi yake hachukizwi na maswali hayo. Anayekuahidi kukuponya kwa siku saba, anayetaka umtumie picha zako, anayetaka namba ya siri ya akaunti yako ya simu au malipo ya vikao kumi kabla ya kimoja, huyo mkatie simu. Nakuandikia hivyo nikiwa na uchungu, kwa sababu nilimpa mmoja wa namna hiyo dola 20 kabla sijampata huyu niliye naye.

Bei iulizwe mapema, bila aibu. Baadhi ya mashirika na makanisa hutoa huduma bure kwa waliokimbia vita. Kwa wengine analipa ndugu aliye Kampala, Nairobi au Kanada. Ndugu huyo akilipa, ashukuriwe, lakini aelewe tangu mwanzo kwamba hataletewa ripoti. Aliyelipia kikao hajanunua yanayosemwa ndani yake.

Kuhusu mega za intaneti: simu ya sauti kwa WhatsApp hula kidogo sana ukilinganisha na ya video, na tiba haidai video. Mimi huanza na video dakika mbili, tusalimiane, anione nimefika, kisha tunazima picha na kubaki na sauti. Mtandao ukiwa mbovu kabisa tunapigiana simu ya kawaida. Pia mkubaliane saa, na mseme ni saa ya wapi. Butembo iko nyuma ya Kampala na Nairobi kwa saa moja, na mbele ya Kinshasa kwa saa moja. Nchi yetu ina saa mbili. Ukiongeza kwamba mmoja anahesabu saa za Kiswahili na mwingine anahesabu kwa Kifaransa, watu wawili wenye nia njema wanaweza kusubiriana siku nzima.

Siku ya kwanza yenyewe haifanani na unavyoiogopa. Hutaambiwa ulale, wala hutaambiwa ufumbe macho na kusimulia usiku ule. Kwa kawaida kikao ni dakika 45 hadi 60, na sehemu kubwa ya kile cha kwanza ni mipango. Atakuuliza uko wapi wakati huo, mtaa gani, na ni nani aliye karibu ambaye anaweza kupigiwa ikiwa utazidiwa. Swali hilo liliniudhi. Nilidhani ananipeleleza. Kumbe ni la msingi kuliko yote: yeye yuko mbali, na kama nitasema kwamba nataka kujiua, anahitaji kujua mlango wa kugonga. Mtajie mtu mmoja unayemwamini, umwambie mtu huyo pia.

Atakueleza habari za siri. Unayoyasema hayatoki, isipokuwa katika hali chache ambazo lazima akutajie mapema: ukiwa katika hatari ya kujiua, ukiwa katika hatari ya kumdhuru mwingine, au kuna mtoto anayeumizwa. Asipokueleza mipaka hiyo, muulize. Mtakubaliana pia simu ikikatika itakuwaje: nani anapiga tena, na msubiriane dakika ngapi. Huku kwetu simu itakatika, hilo usilitilie shaka. Bila makubaliano, kile kimya utakigeuza hukumu. Utadhani umesema jambo baya akakukimbia.

Halafu kuna neno la siri. Huyu wangu alinipa wazo hili na mimi nikalitafutia maneno: mtu akiingia ghafla, nauliza bei ya viazi. "Mbona gunia limepanda hivyo?" Naye anajibu kama mfanyabiashara, tunaongea viazi mpaka mtu atoke. Viazi vya Lubero vimeniokoa mara mbili.

Baada ya hapo yatakuja maswali kuhusu mwili na siku zako. Unalala saa ngapi? Unakula? Unaota nini? Unakunywa? Umewahi kuona heri usingezaliwa? Huenda akatumia orodha ya maswali tisa inayojulikana duniani kote, kila swali likihusu majuma mawili yaliyopita na kujibiwa kwa namba kuanzia 0 hadi 3. Jumla yake ya juu ni 27. Usiichukulie kama mtihani wa shule. Namba ya leo itawekwa kando ya namba ya majuma sita yajayo, ili wote wawili mwone kama kuna kinachosogea. Mimi nilianza na 19.

Usilazimike kusimulia kila kitu siku hiyo. Narudia, kwa kuwa hofu hii ndiyo inayowazuia wengi. Una ruhusa ya kusema, "Kuna jambo lililotokea njiani, leo siwezi." Mtu mwenye ujuzi ataliacha hapo hapo. Kinyume chake kipo pia: wako wanaofungua bomba lote siku ya kwanza, kisha wakazidiwa na aibu na wasirudi. Ukijiona unaanza kumwaga, mwambie akusaidie kupunguza mwendo.

Jambo ambalo sikulitarajia kabisa ni lugha. Mwanasaikolojia wangu ni Mkongo, lakini masomo yake ni ya Kifaransa, na miaka ya Kampala imenyoosha Kiswahili chake. Mimi nilijibu nusu saa nzima kwa Kifaransa safi cha ofisini, nikieleza "wasiwasi" na "dalili" kana kwamba nazungumzia mtu mwingine. Akaniuliza, "Bibi yako angesema nini juu ya hali hii?" Nikasema neno moja tu la Kinande, *omutima*, moyo, na koo likaziba. Tangu siku hiyo tunachanganya. Ukitafuta mtu wa kuzungumza naye, uliza anasikia lugha gani, na ukipata asiyejua lugha yako ya nyumbani, mwombe akuruhusu kuisema hata kama haielewi. Ukimpata Mkenya au Mtanzania, kumbuka kwamba kwa Kiswahili chetu "kusikia" ni kuhisi na kuelewa pia. Mama akisema "siko nasikia mwili", asije akaandikiwa daktari wa masikio.

Kimya kwenye simu kina uzito wake. Ana kwa ana, mtu akinyamaza unaona macho yake. Kwenye simu unabaki na mluzi wa mtandao. Mtaalamu mzuri atasema mara kwa mara, "Nipo, nakusikia." Ukilia, atasubiri. Wangu alisubiri dakika nyingi siku moja, na aliposema kitu alisema tu, "Hatuna haraka." Nilikuwa sijasikia maneno hayo tangu tuanze kupokea watu nyumbani.

Sasa usalama, na hapa naomba nisomwe polepole. Tunaishi mahali ambapo simu ya mtu inaweza kuchukuliwa kwenye kizuizi na kupekuliwa. Tiba haihitaji majina ya makamanda, wala kambi iko wapi, wala nani wa kijijini alishirikiana na nani. Mwenye ujuzi atakuzuia usiyataje. "Mtu mwenye silaha" inatosha. "Jirani" inatosha. Weka namba ya mshauri wako kwa jina la kawaida, washa utaratibu wa ujumbe unaojifuta, usitume sauti ndefu zinazobaki kwenye simu. Walio bado Kirumba kwenyewe wawe waangalifu zaidi. Kwao kikao kinaweza kuwa cha mazoezi ya kupumua, usingizi na namna ya kuipita siku, bila kugusa habari za vita hata kidogo, na bado kikawa kikao halali.

Utafanya nini humo wiki baada ya wiki? Inategemea. Shirika la Afya Duniani lina utaratibu wa vikao vitano tu, mtu mmoja na msaidizi mmoja, unaofundisha kutuliza mwili, kugawa tatizo kubwa vipande, kurudi kwenye shughuli na kutafuta watu wa kukuinua. Ulijaribiwa Nairobi kwa wanawake 421, wengi wao waliopitia ukatili, ukiongozwa na wahudumu wa afya wa mitaani, na matokeo yalichapishwa mwaka 2017: waliopata vikao walipungukiwa na dhiki kuliko wenzao. Katika kambi ya Nakivale, Uganda, wakimbizi 277 wa Kinyarwanda na Kisomali walishiriki katika utafiti uliochapishwa mwaka 2008. Waliowahudumia walikuwa wakimbizi wenzao waliofunzwa. Njia mojawapo iliyotumika ni ile ya kusimulia maisha yote tangu kuzaliwa. Unatandaza kamba chini: ncha moja ni siku uliyozaliwa, unaweka ua pale palipokuwa na furaha na jiwe pale palipokuwa na msiba, kisha unaipitia kamba polepole ukiwa na msikilizaji. Tulifanya hivyo kwa simu. Nilitumia kamba ya kuanikia nguo na mawe ya uani, nikaipiga picha, nikamtumia. Nilidhani ningepungukiwa na mawe. Nilipungukiwa na maua, kwa sababu kila nilipofika mahali alikuwa akiuliza, "Na hapa, ni nani aliyekusaidia?" Nikatoka kuchuma mengine.

Utafiti unaonigusa zaidi ni wa hapa hapa Kivu, Kaskazini na Kusini, uliochapishwa mwaka 2013 katika jarida la New England Journal of Medicine. Wanawake 405 waliobakwa au kushuhudia ubakaji walifuatiliwa. Wengine walipata msaada wa kawaida wa mtu mmoja mmoja, wengine walipata tiba ya vikao 12, karibu vyote vya kikundi, ikiongozwa na wasaidizi Wakongo wasio na shahada za saikolojia. Miezi sita baadaye, waliobaki na dalili nzito za sonona au wasiwasi katika kundi la tiba walikuwa asilimia 9. Katika kundi lingine walikuwa asilimia 42. Ile ilikuwa tiba ya ana kwa ana, si ya simu, na siwezi kujifanya ni kitu kimoja. Ila inamjibu anayesema watu wetu hawaponi kwa maneno.

Tegemea kuchoka. Baada ya kikao cha tatu nilitembea hadi sokoni, nikajikuta nimesimama mbele ya meza ya vitunguu sijui nimekuja kununua nini. Ndoto zinaweza kuongezeka kabla hazijapungua. Kwa hiyo saa moja baada ya kikao iache wazi: oga, tembea kwenye mikaratusi, osha vyombo, kaa na mtoto. Na kama baada ya vikao vitatu au vinne huoni unasikilizwa, mwambie. Bado ikishindikana, badilisha mtu.

Kuna mambo ambayo simu haiyawezi. Anayesikia sauti zisizokuwepo, anayeanguka kifafa, aliyeacha kula na kutambua watu, huyo apelekwe hospitali. Aliyeamua kujiua na ana kitu mkononi hahitaji miadi ya Alhamisi. Anahitaji mtu wa kukaa naye usiku huu huu na kituo cha afya asubuhi. Mwanamke anayepigwa na mtu aliye naye nyumba moja asianze tiba ya simu ndani ya nyumba hiyo. Na aliyebakwa afike kituo cha afya kabla ya saa 72 kwisha, kwa sababu dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI hazingoji. Butembo hapa hospitali ya FEPSI imewapokea wanawake hao kwa miaka mingi. Mazungumzo yatafuata.

Wanaume wa Kirumba mara nyingi huniambia kwamba wao hawana cha kusema. Mtu alikuwa na duka, au pikipiki tatu, leo anaomba mega kwa shemeji yake. Wengine wamegundua kwamba wanaweza kuongea wakitembea, masikio yakiwa na waya, kama mtu anayepatana bei. Inakubalika. Na wale wanaosema sala inatosha, mimi nami nasali. Mchungaji wetu alipoulizwa juu ya jambo hili alisema kwamba mguu uliovunjika huombewa na kufungwa gango. Sijasikia akipingwa.

Nilisema nitaeleza mahali nilipohamia. Ni chumba cha kuwekea vitabu vya katekesi, nyuma ya kanisa. Mita mbili kwa tatu. Kuna meza, kiti cha plastiki, mabunda ya vitabu, harufu ya mishumaa. Kina dari, kwa hiyo mvua inasikika kama inanyesha mtaa wa pili. Katekista alinipa ufunguo bila kuniuliza chochote. Mara ya kwanza nilipofunga mlango ule kwa ndani nilikaa dakika tano bila kupiga simu. Ilikuwa miezi saba tangu niwe peke yangu ndani ya kuta nne.

Hapo nikaelewa kinachokosekana. Tumezoea kulaumu mtandao, umeme, bei ya mega. Vyote vina lawama zao. Lakini nyumba nyingi hapa Butembo na Beni zina simu yenye WhatsApp, na wapo wanasaikolojia Wakongo, Waganda na Wakenya walio tayari kupiga. Asichokuwa nacho mama aliyetoka Kirumba akapewa kona ya sebule ni mlango. Anakwenda kuongea kwenye shamba la viazi, kitenge kichwani, akigeuka nyuma kila sentensi. Hakuna tiba inayofanyika hivyo.

Kwa hiyo naomba. Mapadri wa parokia za Dayosisi ya Butembo-Beni, wachungaji wa CBCA na wa makanisa mengine, maimamu, wakuu wa shule ambazo madarasa yake hufungwa saa nane, wauguzi wakuu wa vituo vya afya: kila mmoja wenu ana chumba ambacho kwa siku kadhaa za wiki kinakaa na vumbi. Weka kiti, weka jagi la maji, weka soketi ya kuchajia simu kama ipo, na kitasa kinachofunga kwa ndani. Andika mlangoni saa ambazo kiko wazi na usiandike ni cha nini. Anayekuja asiulizwe. Chumba cha katekesi ninachokitumia mimi kiko wazi siku nne kwa wiki, na kwa sasa tunakitumia watu sita.